Kiberiti cha gesi cha kuweka akiba: namna ya kupata kisichovuja, kwa sisi wa huku kwenye baridi

Wadau wa nyanda za juu habari zenu. Leo nataka tuongelee kiberiti cha gesi, na sio kile cha kila siku kinachozunguka jikoni, hicho kikiisha unamtuma mtoto kwa Mangi anarudi na kingine yameisha. Naongelea kile unachokiweka halafu unakisahau. Cha kwenye kibanda cha shamba kule Uporoto au Makete, cha kwenye droo pamoja na mishumaa, cha kwenye begi la safari, cha chini ya siti ya gari. Unakifuata baada ya mwaka, saa mbili usiku, mvua inapiga, kuni zenyewe mbichi nusu, unasaga unasaga cheche zinaruka vizuri tu ila moto hamna, na ukikumbuka vizuri hicho kiberiti hukukitumia hata wiki moja.

Watu wengi hapo wanasema "vya Mchina hivi" wanatupa wananunua kingine kilekile cha aina ileile wanakiweka palepale. Mwakani stori ni ileile. Sasa kabla ya kulaumu nchi ya mtu tuangalie gesi ilipita wapi, maana ukishajua inapopita hata kuchagua kunakuwa rahisi.

Gesi ya mle ndani inaitwa butani. Imegandamizwa mpaka ikawa maji, ndio yale maji unayaona yanacheza ukitikisa kiberiti cha plastiki ya kuonyesha. Butani inachemka kwenye nyuzi joto -0.5, yaani kwa hali ya hewa yetu muda wote inataka kugeuka hewa itoke, kinachoizuia ni mwili wa kiberiti na vipira viwili vitatu vidogo kuliko punje ya mtama. Na msukumo wake unapanda na joto. Kwenye nyuzi 10 presha ndani ni kama bar 1.5, kwenye 20 inafika karibu 2.1, kwenye 30 ni 2.8 hivi, na presha ya hewa ya kawaida kule pwani ni bar 1. Kwahiyo kiberiti kimoja hichohicho kikikaa Kyela kwenye joto kinasukumwa kutoka ndani kuliko kikikaa Makete, ndio maana mimi husema baridi yetu hii inayotutesa mwezi wa sita na wa saba ni rafiki wa kiberiti kilichohifadhiwa. Inakuwa adui siku ya kukiwasha tu, hilo nitalifikia.

Njia za gesi kutoka ni hizi. Ya kwanza ni valvu ya juu, pale chini ya kitufe, ambayo ina mpira na kispringi cha kuifunga. Ya pili ni tundu la kujazia kule kitakoni, kama kiberiti ni cha kujaza. Ya tatu ni pale plastiki ilipoungwa, kitako kimebandikwa kwenye mwili, kama kazi ilifanyika ovyo au kiberiti kilishaanguka kwenye sakafu kinapata ufa usioonekana. Halafu kuna ya nne ambayo wala sio kuvuja na ndio mwizi mkubwa kuliko wote, kitufe kubonyezwa na vitu vingine. Kwenye begi lenye nguo, kopo la chai, tochi na viatu, kitu kikilalia kile kitufe usiku mmoja tu gesi yote kwaheri. Valvu inaweza kuwa nzima kabisa na wewe ukaapa kwamba kiberiti ni kimeo.

Hatua ya kwanza: chagua aina, usianze na rangi

Hapa ndio kwenye mambo mengi kwahiyo nitakaa kidogo.

Kwa kuweka muda mrefu, chaguo langu ni kiberiti cha kawaida cha kusaga kitairi kwenye jiwe, kile cha kutumia mpaka kiishe na kutupa, kisicho na tundu la kujazia, chenye mwili mnene wa plastiki, cha kampuni inayojulikana. Basi. Najua kuna watu watashangaa maana tumezoea kuona cha kujaza ndio cha maana na cha kutupa ni cha kimaskini, lakini fikiria, kila tundu ni mlango, na kiberiti kisicho na tundu la kujazia kina mlango mmoja pungufu. Vile vya Bic vikubwa kwa mfano, mwili wake ni plastiki ngumu nene, moto wake umeshapangwa kiwandani hauna kurekebisha, na kampuni yenyewe husema kile kikubwa kinawaka hadi mara 3,000. Ukikipata oji, ukikiweka vizuri, miaka inapita na gesi ipo.

Tatizo la hivi vyenye jina ni feki. Angalia umbo, kile halisi ukikitazama kwa chini ni cha mviringo uliolala kama yai, sio cha pembe nne, maandishi yametulia hayana herufi zilizokosewa, kitairi kinasagika kwa uzito uleule mzunguko mzima. Feki nyingi ukizishika tu mkononi ni nyepesi. Na kama bei ni sawa na vile vya jero na muuzaji anakuapia ni oji, hapo jiongeze mwenyewe.

Vya kujaza, kama Clipper wa Hispania, ni vizuri sana kwa matumizi ya kila siku, jiwe linabadilishwa, gesi inajazwa, mtu anaweza kukaa nacho miaka. Ila kama ni cha kuweka na kusahau, oringi ya pale chini ndio wasiwasi wangu, mpira unakauka, na vumbi likiingia kwenye tundu wakati wa kujaza basi haifungi sawasawa tena. Ukikipenda, kiweke na kopo la gesi pembeni, na ukubali kwamba siku ya siku huenda ukaanza kwa kujaza.

Zippo na ndugu zake wa kutumia mafuta na utambi, hapa niseme ukweli hata kama mashabiki watanuna. Zippo ni chuma kizuri, wameanza kuitengeneza Bradford kule Pennsylvania, Marekani, tangu miaka ya 1930, ukiifungua ile mlio wake kila mtu anageuka, na haizimwi na upepo wa Uyole kirahisi. Lakini kifuniko chake hakizibi hewa, mafuta yanapaa yenyewe hata usipoiwasha, ukijaza leo baada ya wiki mbili hivi imekauka. Kama unayo na unataka kuitunza, itunze kavu kabisa, kopo la mafuta yake lililofungwa liwe pembeni pamoja na mawe ya akiba, utajaza siku ya kutumia. Na msijaze petroli ya gari jamani, moshi wake sio wa kuvuta na inawaka kwa fujo. Vipo pia vile vidogo vya mafuta vyenye mfuniko wa kuzungusha na oringi ndani, hivyo ndio vinatunza mafuta muda mrefu kuliko Zippo, ila huku kwetu kuvipata ni mpaka uagize.

Vya kubonyeza, vile vya "ta" havina jiwe, vina kitu ndani kinachogongwa kinatoa umeme. Kwa kutunza gesi havina shida yake ya pekee, shida ni kuwaka. Mwinuko ukipanda hewa inakuwa nyepesi na ile cheche ya umeme inaanza kugoma gesi ikiwepo, na ikipata unyevu ndio kabisa. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 bado vinawaka, ila ukipanda Kitulo kwenye mita 2,600 na ubichi wa asubuhi, utabonyeza mpaka kidole kichoke. Kwa akiba ya mlimani chukua cha kusaga. Vile vya moto wa bluu unaotoka kwa kishindo, vinavyoitwa vya jeti, mbali na hilo vinakula gesi sana na vina tundu dogo linaloziba kwa uchafu kidogo tu. Vya umeme wa kuchaji navyo, betri inaisha ikiwa imekaa. Hivyo sivihesabu.

Na vile vyenye kitochi kitakoni, tunavyovipenda wote. Kitochi kimechukua nafasi ya gesi, ndio hivyo tu. Tenki lake ni dogo. Nunua kwa ajili ya kutafuta tundu la funguo usiku, sio kwa ajili ya akiba.

Hatua ya pili: dukani

Usichukue cha juu kwenye trei la machinga. Wale vijana wa Mwanjelwa na Kabwe wanazunguka na trei juani kuanzia asubuhi, viberiti vimelala juu ya soksi na chaja, jua la mchana linavipiga usoni siku nzima, na tumeshaona joto linafanya nini kwenye presha. Sio kwamba vyote ni vibovu ila kwa akiba ya mwaka sitaki kitu kilichoanza maisha hivyo. Ingia dukani, omba boksi zima.

Ndio, boksi zima. "Mangi naomba hilo boksi nichague." Atakuangalia vibaya kidogo, usijali. Kama ni vile vya plastiki ya kuonyesha, vitoe vitano sita visimamishe kwenye kaunta, elekeza kwenye mwanga wa mlangoni, angalia mstari wa maji. Kiberiti kipya hakitakiwi kujaa mpaka juu kabisa, kiwango cha kimataifa cha usalama wa viberiti kinachoitwa ISO 9994 kinataka gesi ya maji isizidi asilimia 85 ya nafasi, ile iliyobaki ni ya kutanukia joto likipanda. Kwahiyo pengo dogo juu ni halali yake. Unachotafuta ni usawa. Kama mistari yote iko level moja, huo mzigo umefungwa vizuri. Kama kimoja kiko juu, kingine nusu, kingine robo, na vyote ni vipya havijaguswa, hiyo ni dalili valvu za huo mzigo zinapumua, rudisha boksi lote, usijidanganye kwamba utachukua kile kilichojaa. Kilichojaa leo ni kilekile kitakuwa nusu mwezi wa tisa.

Muulize pia vina muda gani dukani. Jibu litakuwa "vya juzi tu boss", sijawahi kusikia duka lenye mzigo usiokuwa wa juzi, lakini angalia vumbi kwenye boksi utapata jibu lako.

Kwa vile visivyoonyesha ndani, njia ni sikio na mkono. Shika viwili vya aina moja, kimoja kila mkono, kama kimoja ni chepesi kwa dhahiri kiache. Tikisa karibu na sikio usikie maji. Kisha washa, angalia mambo matatu: moto unakuja mara ya kwanza au ya pili, moto hauruki juu kama wa kuchomea nyama, na la muhimu kuliko yote, ukiachia kitufe moto unakufa hapohapo. Moto ukibaki hata nukta moja ukilegalega juu ya tundu ndio ufe, valvu haifungi kwa haraka, kirudishe. Halafu baada ya kuzima kiweke sikioni pale mlangoni pasipo na kelele, ukisikia "sssss" hata ya mbali, kirudishe na hicho.

Chukua viwili au vitatu. Akiba ya kiberiti kimoja sio akiba.

Hatua ya tatu: jaribu nyumbani kabla hujakiamini

Kipimo cha haraka ni maji. Chukua glasi, weka maji ya uvuguvugu, yaani ya kunawa mtoto, sio ya chai, zamisha kiberiti kimoja katika vile ulivyonunua. Mwanzoni vitatoka vipovu vingi chini ya lile bati la juu, hiyo ni hewa iliyojificha mle, usishtuke. Kigonge kidogo kwenye glasi zitoke zote halafu tulia, angalia kwa dakika kadhaa. Kipovu kimoja kimoja kinachozaliwa sehemu ileile, kinakua, kinapanda, kinakuja kingine palepale, huko ndiko kunakovuja. Kikiwa kisafi kikung'ute, kiache kikauke kivulini siku nzima au mbili kabla ya kukiweka maana jiwe halipendi maji. Kwa sababu hiyo sipendekezi kuvilowanisha vyote, kimoja cha mzigo kinatosha kukupa picha.

Kipimo cha uhakika ni mizani. Sio ya jikoni ya kupimia unga, ile inasoma gramu nzima nzima haitakuambia kitu. Nataka vile vimizani vidogo vya mfukoni vinavyosoma mpaka 0.01 ya gramu, vile wanavyotumia wanunuzi wa dhahabu kule Chunya, na masonara wa mjini wanavyo, ukiomba kwa adabu upimiwe kiberiti watacheka ila watapima. Andika uzito kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, bandika kwenye kiberiti chenyewe na tarehe. Kiweke ndani mwezi mzima bila kukiwasha, kipime tena kwenye mizani ileile.

Hesabu yake sasa. Kiberiti kikubwa cha kawaida kina gesi kama gramu 4 mpaka 5, vidogo pungufu ya hapo. Kikipoteza 0.1 kwa mwezi inaonekana si kitu, lakini ni gramu 1.2 kwa mwaka, robo ya gesi imeondoka na hukuwasha hata sigara, na kwenye kidogo ni zaidi ya robo. Kikipoteza 0.02 hivi, hapo sawa, kitakaa miaka. Kisipotikisika kabisa kwenye mizani, huyo ndio wako, rudi ununue wenzake wa boksi lilelile kabla halijaisha. Kikipoteza 0.3 au zaidi kimalize jikoni mwezi huu huu, moto wake ni halali tu, ila akiba hakifai.

Huna mizani na huna mtu wa Chunya? Kwa cha kuonyesha, chora mstari na maka pen kwenye level ya maji, kiwe kimesimama, na joto liwe lilelile kama asubuhi basi asubuhi. Mwezi mmoja mstari hautakuambia mengi, subiri miezi mitatu. Ni kipimo cha kienyeji ila kinasema.

Hatua ya nne: zuia kitufe

Hii ni ya dakika moja na ndio inaokoa viberiti vingi kuliko hatua zote hapo juu. Chini ya kitufe, kati ya kitufe na mwili, kuna pengo. Ukilijaza hilo pengo, kitufe hakishuki, valvu haifunguki hata begi likaliwe na mzigo wa viazi. Kata mpira wa tyubu ya baiskeli, kipande chembamba, zungusha shingoni chini ya kitufe mara mbili tatu mpaka pengo lijae. Rababendi nayo inafaa ila inaoza ikikaa, inanata au inakatika, tyubu inadumu. Wengine wanafunga taizipu, ile kamba ya plastiki ya kukaza, nayo nzuri, ila hakikisha unaweza kuitoa bila kisu, na vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi. Mimi naona tyubu ndio mpango kwa sababu nyingine zaidi: kile kipande cha mpira kinawaka vizuri hata kikiwa na unyevu, kuni zikiwa bichi kinakusaidia kuanzishia moto, ingawa moshi wake mweusi na mchafu, usikiwashie jikoni kwa mama mkwe.

Kama kiberiti chako kina kidude cha kurekebisha moto, kirudishe mpaka alama ya kutoa (-) kabla ya kuweka. Hakifungi valvu, ila kitufe kikija kubonyezwa kwa bahati mbaya gesi itatoka kidogo kidogo.

Hatua ya tano: mahali pa kuweka

Pakavu, pa baridi, mbali na jua, mbali na jiko, mbali na watoto. Hayo kila mtu anayajua kwahiyo niseme yale ya huku kwetu.

Unyevu. Watu wa Tukuyu mnajua mvua yenu, kule ni kati ya sehemu zinazonyeshewa sana nchi hii, nguo zenyewe kabatini zinaota ukungu. Gesi haijali unyevu, jiwe ndio linajali. Lile jiwe la kiberiti sio jiwe kiukweli, ni mchanganyiko wa chuma na madini ya seriamu na wenzake, likikaa kwenye unyevu muda mrefu linakula kutu kwa namna yake, linavimba, linageuka unga wa kijivu ndani ya kijitundu chake. Ndio unakuta kiberiti kina gesi tele, kitairi kinazunguka laini kama hakishiki kitu, cheche hamna. Dawa ni chupa ya kioo au kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, ndani weka vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, au mchele mkavu uliokaangwa kidogo ukapoa kabisa. Njiti za kiberiti za akiba ziweke humohumo na ubavu wa boksi wa kuwashia.

Ila chupa iliyokazwa ina jambo lake. Kama kimoja kilivuja mle, gesi imekaa ndani inakusubiri. Fungulia nje, au mlangoni, moto wowote ukiwa mbali, ipe muda itoke. Butani ni nzito kuliko hewa karibu mara mbili, inalala chini haipandi, kwahiyo usifungulie juu ya jiko la mkaa lililowashwa ukidhani itapaa yenyewe.

Gari. Ukiacha kiberiti kwenye dashibodi ukapaki Igawa au Ubaruku saa saba mchana, chini ya kioo joto linapanda kufika nyuzi 60 na kuendelea, na kwenye 60 presha ya butani ni zaidi ya bar 6. Viberiti vya maana vinapimwa kuvumilia joto la nyuzi 65 kwa saa kadhaa, vya jero sijui nani alivipima. Weka chini ya siti, ndani ya kopo, au usiweke kabisa, shuka nacho.

Ndege. Kama unaruka kutoka Songwe, kiberiti kimoja cha kawaida unakaa nacho mwilini, usikiweke kwenye begi la kuchekini, na cha moto wa jeti kiache nyumbani hakiruhusiwi popote. Boksi la zawadi la viberiti kumi kwa shemeji wa Dar, mpe hela anunue hukohuko.

Na mashambani, hasa wenzetu wa Mafinga na Sao Hill, kiberiti kisiachwe juu ya majani au kwenye dirisha la kibanda linalopigwa na jua, msimu wa kiangazi misitu ile haihitaji sababu nyingi ya kuungua.

Hatua ya sita: siku ya kukitumia, na baridi

Hapa ndio watu wanatupa viberiti vizima. Asubuhi ya mwezi wa saba Kitulo au Njombe nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu, kiberiti kimelala kibandani, unasaga, cheche ipo, moto hamna au kuna kimoto cha bluu kidogo kinakufa. Gesi ipo. Imelala tu. Kwenye nyuzi 0 butani karibu haina msukumo wowote wa kuishinda hewa ya pwani. Huko juu mlimani tuna nafuu kidogo kwa sababu hewa yenyewe imepungua, Kitulo ni kama robo tatu ya ile ya Dar, kwahiyo gesi inapata upenyo kidogo, lakini bado moto ni wa kudokoa.

Kiweke kwapani, ndani ya sweta, dakika tano. Au mkononi kwenye kiganja umekunja, pulizia pumzi. Usikiweke karibu na moto kukipasha, hata kama mwenzako ameshawasha wa kwake. Baada ya hapo kitawaka kama kawaida. Vile vyenye isobutani ndani vinavumilia zaidi kwa sababu yenyewe inachemka kwenye nyuzi kama -12, kama kopo la kujazia limeandika hivyo chukua hilo, kwa sisi wa huku ndio gesi ya kujaza. Na anayelala mlimani akilale nacho ndani ya blanketi, asubuhi hahangaiki.

Kikiloa, pulizia kwa nguvu, kung'uta, halafu sugulia kitairi kwenye suruali kavu kwa upande mmoja mara nyingi mpaka cheche zirudi. Kama cheche zipo, kimepashwa joto na bado hakuna moto, angalia tundu la juu, pamba za mfukoni zinapenda kujikusanya pale, toa kwa sindano taratibu.

Moto ukishapatikana mkaa ukakolea, najua baridi inashawishi, ila jiko la mkaa halilali ndani na watu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari hizo huku. Nimepita tu hapo.

Hatua ya saba: ukaguzi na vilivyokufa

Mara mbili kwa mwaka inatosha, mimi huunganisha na msimu, kabla mvua hazijaanza na kabla ya baridi. Toa mpira, washa mara moja, angalia level au pima, rudisha mpira, andika tarehe mpya. Kuwasha mara moja hakumalizi gesi, wala usikichezee kukihesabia. Kilichoshuka nusu kihamishie jikoni kikatumike, weka kipya akiba, yaani akiba iwe inazunguka. Ukikuta jiwe limeanza unga na ni cha kubadilisha jiwe, toa lote, futa kijitundu kwa kijiti chenye pamba, weka jipya.

Ukijaza vile vya kujaza, fanya nje, kiberiti kichwa chini, kopo juu yake wima mdomo ukiangalia chini, bonyeza sekunde chache, simamisha uone level, usijaze mpaka juu. Kitakuwa cha baridi na gesi iliyomwagika imekizunguka, subiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Visivyo na tundu la kujazia usimpe mtu akutobolee, hata kama fundi anasema anaweza.

Vilivyokufa visiingie kwenye taka zinazochomwa. Karibu kila nyumba huku tunachoma taka nyuma ya nyumba, na kiberiti kinachoonekana kimeisha bado kina gesi ya kutosha kupasuka na kurusha vipande usoni kwa mtoto anayechokonoa moto kwa fimbo. Kibonyeze nje mahali pana upepo mpaka kisitoe mlio kabisa, fungua bati la juu kwa bisibisi taratibu, kitairi kimeshikilia jiwe na springi chini yake, zikiruka hutaziona tena kwahiyo fungia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Jiwe likiwa limebaki la maana lisugue, unga wake ukusanye juu ya pamba kavu iliyochambuliwa, cheche ya kiberiti kingine kilichoishiwa gesi inaweza kuishika. Springi mpelekee fundi redio.